Mlango umekaza? Randa isubiri kwanza

Kila mvua zikichanganya, simu huwa ni ile ile: "Fundi, mlango wako umegoma kufunga. Umeniuzia mbao mbichi." Wiki iliyopita mama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, hakupiga hata simu. Alikuja karakana na risiti mkononi, akasema mbele ya wateja kwamba nimemwibia. Nikampa kiti, akapoa kidogo, nikachukua chaki na bisibisi tukaongozana hadi kwake.

Mlango ni wa mninga, futi saba kwa tatu, nimeufunga mwenyewe mwaka juzi. Nikapaka chaki ukingoni, nikafunga, nikafungua. Chaki imefutika juu tu, upande wa kitasa, kama upana wa kiganja. Mlango uliovimba haukazi hivyo, hukaza ukingo karibu wote. Huu ulikuwa umelala, bawaba ya juu imelegea. Nikatazama vizuri: bawaba si zangu. Nilifunga za shaba; aliyekuja kupaka nyumba rangi alizifungua, akarudisha za bati. Zangu sijui zimeenda wapi. Na hewa yetu hii ya chumvi haina huruma na bati, skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka vichwa vinamung'unyuka. Nikaziba matundu kwa vijiti na gundi, nikaweka bawaba na skrubu mpya za shaba, mlango ukafunga kwa kidole. Mama akacheka, akanipa chai.

Angemwita mtu wa randa asubuhi ile, angeparua mninga mzima kwa kosa la bawaba.

Sikatai, ipo inayovimba kweli. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kutanuka kwa upana, na huku kwetu kuanzia Desemba mpaka Aprili hewa yote ni maji. Pa kunywea pakubwa ni ukingo wa juu na wa chini, kule ubao ulikokatwa. Hapo ndipo mafundi wengi hawapitishi brashi, kwa kuwa hapaonekani. Panda kwenye stuli upapase juu ya mlango wako. Ukikuta pamekwaruza kama msasa, hapakupakwa. Ukingo wa chini ndio una shida zaidi, maana kila siku dada anapiga deki na maji yanasimama pale pale. Deki kwa tambara lililokamuliwa, jamani, si kwa ndoo.

Sasa randa. Mzee mmoja wa Mikindani mlango wake ulikaza Februari. Akaita kijana, elfu kumi, ukapigwa randa, ukafunga safi. Ule ukingo ukaachwa mweupe bila vanishi. Ilipofika Agosti, kusi inavuma na ubao umekauka, mwanya ukawa unaingiza kidole na ulimi wa kitasa haufiki kwenye fremu. Mlango unafunguka wenyewe usiku! Nikalazimika kuunga kipande cha mninga ukingo mzima, kukitafutia rangi inayofanana, kuhamisha kitasa na kupaka upya. Ilimtoka mara tisa ya ile elfu kumi, na kiungo mwenye macho bado anakiona.

Mlango uliovimba usubirishe mpaka Juni au Julai. Ukishapungua tunaondoa kidogo sana, kama bado ipo haja, kisha tunapaka kingo zote nne siku hiyo hiyo. Ukishindwa kabisa kusubiri, nipigie, nitapunguza unene wa karatasi na kupaka hapo hapo.

Kuhusu bei. Najua mtaa wa pili mlango ni nusu ya bei yangu. Mimi ubao wa inchi mbili naupanga kivulini miezi, na vijiti katikati ili upepo upite. Hiyo ni hela imelala. Shida huja msimu wa korosho: minada ikilipa, kila mtu anataka milango kabla ya mvua, tena wiki hii. Mwaka mmoja nilikubali, nikatumia mbao ambazo hazijakauka sawasawa kwa mteja wa Ligula. Milango miwili ilipinda, nikaitengeneza upya kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo, ukija Novemba na haraka nitakuonyesha mbao zilizopo, na kama hazitoshi utasubiri.

Na wale wanaolalamika paneli, ule ubao wa katikati ya mlango, inacheza ukiigonga: iacheni. Hatuigandishi kwa gundi makusudi, ili ipate pa kutanukia. Aliyeijaza gundi na misumari aliniletea imepasuka katikati.

Oili chafu ya gari pakeni nguzo za uzio. Ikishaingia kwenye mlango, vanishi haishiki tena, na harufu mtaishi nayo.

Kuja kuangalia mlango niliofunga mwenyewe sitozi, Mtwara mjini na Mikindani. Nikikuta umeshapigwa randa, hesabu inaanza upya.