Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mradi ukiisha, diski za kupimia usugu wa bakteria atanunua nani?

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Shikamoo, Mheshimiwa.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Majuzi mama mmoja alinikabidhi kikopo cha mkojo, kisha akatoa kwenye mkoba mfuko wa nailoni uliojaa maganda ya dawa: siprofloksasini, azithromaisini, nyingine hazisomeki tena. "Mwanangu, nina UTI sugu, haya maambukizi ya njia ya mkojo, huu mwaka wa pili." Dozi ya mwisho aliimaliza zaidi ya mwezi nyuma. Nikauotesha mkojo wake kwenye sahani ya maabara, nione kama una bakteria. Kesho yake nikatoa sahani kwenye inkubeta na kuielekeza dirishani. Safi. Hakuna kilichoota.

Hayuko peke yake. Mradi wa HATUA uliwakutanisha watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda na wenzao wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Walipima mikojo ya wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za UTI, na waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa kama thuluthi moja tu. Na hao wenye bakteria, hapa kwetu na Uganda, zaidi ya nusu vimelea vyao vilikuwa sugu kwa dawa za makundi mengi. Yaani tunawapa dawa wasiozihitaji, na wanaozihitaji zinagoma kuwatibu. Nchi moja isingeiona picha hiyo yote. Bakteria hagongewi pasipoti Namanga wala Mutukula.

Ndiyo maana nautetea ushirikiano huu kwa moyo wote. Ila miradi ya namna hii huwa na tarehe ya kufungwa. Mfuko wa Fleming wa Uingereza, uliosaidia maabara za nchi nyingi, yetu ikiwemo, ulitangaziwa mwisho mwaka 2025. Siwalaumu, ile ni kodi ya wananchi wao. Lakini diski za dawa, vile vikaratasi vyenye antibayotiki tunavyoviweka juu ya bakteria kuona ipi inawazuia, zikiisha, mimi siwezi kumwambia daktari dawa ipi itamponya mgonjwa wake. Vingine tungeweza kujitengenezea: agari ya damu, chakula cha kuoteshea bakteria, inataka damu ya kondoo, na kondoo tunao! Utafiti wa nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ulikuta kati ya maabara karibu 50,000, zinazopima bakteria ni 1.3% tu.

Septemba 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi ziliahidi kupunguza vifo vya usugu huu kwa 10% ifikapo 2030. Ahadi hiyo naomba niione kwenye bajeti yako: kifungu cha vifaa vya kuotesha vimelea, vipitie Bohari ya Dawa kama vipimo vya malaria. Tukiwa na chetu mezani, hata maswali ya utafiti tutayapanga pamoja na wageni.

Na kila mkataba wa utafiti useme majibu yatarudi lini, kwa Kiswahili, kwenye hospitali iliyotoa sampuli. Sampuli zetu zimesafiri sana, Mheshimiwa. Majibu hutoka kama makala ya Kiingereza ambayo tabibu wa zahanati haioni, naye ndiye anayeandika dawa.

Yule mama nilimrudisha kwa daktari na karatasi yake ya majibu. Safari hii hakuandikiwa antibayotiki. Leo kichupa changu cha diski za seftriaksoni kimebakiwa na diski saba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mteknolojia wa maabara, hospitali ya wilaya