Shukrani kwa kaka wa Sakina, Arusha

Amekataa jina lake litajwe, basi nitataja kazi yake.

Seva ya ofisi yetu hapa Moshi, inayopokea uzito wa kahawa kutoka kwenye mizani, ilikuwa inaganda ovyo katikati ya msimu. Fundi wa kwanza akatuuzia RAM (memori) mpya. Pesa ikaenda, tatizo likabaki.

Kaka huyu alipanda basi kutoka Arusha, na kabla ya kugusa chochote akaomba kumbukumbu za makosa za Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo. Kisha akaiwasha seva kwa kiini kimoja tu cha prosesa, yaani sehemu moja tu kati ya zile zinazofanya kazi sambamba ndani yake. Haikuganda! Hapo akacheka peke yake, sisi tunatazamana.

Kerneli, sehemu kuu ya Linux, hugawa memori katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, na jedwali la kurasa huonyesha kila anwani ya programu inaelekea ukurasa upi. Kila kiini hujiwekea nakala ya majibu ya jedwali hilo. Draiva ya mizani, yaani programu inayoiunganisha na seva, ilikuwa inalibadilisha bila kuviambia viini vingine vifute nakala zao. Kimoja kikaendelea kuandika kwenye ukurasa uliokwishapewa programu nyingine. Akaongeza kwenye draiva amri ya kufuta nakala hizo, akaibebesha seva kazi nzito hadi asubuhi.

Malipo? Nauli na sahani ya machalari. Tena alimtumia mtengenezaji wa draiva marekebisho yale, na kwetu akabandika maelezo ya Kiswahili chepesi ndani ya mlango wa kabati la seva. Mafundi wengine, jamani, tuachieni karatasi kama ile.