Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuimbisha watoto lupangoni

Mdogo wangu,

Mama ameniambia umeshaamua: kila Jumapili alasiri watoto wa familia nzima wakusanyike lupangoni kwako Katuba, yaani ndani ya ua, waimbe. Ameniambia pia kwamba unatafuta spika ya kukodi. Nakuandikia hadharani kwa sababu hapa Lubumbashi kuna akina mama wengine wenye wazo kama lako, na karibu wote wanaanza na spika.

Achana nayo. Wimbo wa kwenye simu haumngoji mtoto. Una kasi yake, una sauti ya mtu mzima aliyeurekodi, na mtoto wa miaka mitatu akichelewa neno moja tu, wimbo umeshaenda zake. Atacheza, ndiyo, na utampiga picha. Kuimba hataimba. Wewe unaweza kumngoja. Unaweza kurudia mstari mmoja mpaka watu wazima wachoke, ukapunguza mwendo pale ulimi unapokwama, ukanyamaza katikati ili mmoja wao amalizie. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na haitaki umeme, ambao mtaani kwenu unaujua mwenyewe unavyokuja.

Sasa nikuambie linaloharibu nyimbo za familia kuliko yote: tunaanzisha chini mno. Sisi tuliokulia kwenye sauti ya pili ya kwaya tunaona pale chini ni pazuri, panapumzisha koo. Mtoto mdogo hapafiki. Sauti yake hukaa vizuri kati ya re na la, zile zilizo juu kidogo ya do ya katikati ya kinanda. Ukimteremsha chini ya hapo, ananguruma au anapiga kelele tu, na shangazi mmoja atasema, “huyu hana sikio.” Sikio analo. Ameanzishiwa mahali asipofika.

Kinanda huna, wala usikitafute. Simama karibu na mbabula, lile jiko la mkaa, jifanye unamwita mtoto aliye kule getini: “Njooo-o!” Utasikia sauti mbili, moja juu, nyingine inashuka kidogo. Anzia hapo. Watoto wenyewe wakitaniana hutumia sauti hizo hizo mbili. Walimu wa muziki wanaziita sol na mi, na ile njia ya kufundisha watoto inayobeba jina la Zoltán Kodály wa Hungaria huanzia hapo hapo. Utajisikia unaimba juu kupita kiasi. Vumilia, sherehe si yako.

Shemeji naye asinyamaze, ila asianzishe. Sauti ya mwanamume iko oktavu nzima, yaani ngazi nzima ya do mpaka do, chini ya ile ya mtoto, na wadogo wengi hawajui waifuateje. Anzisha wewe, waingie watoto, kisha yeye afuate.

Wanaume wengine watajipanga ukutani na chupa zao kama wageni wa harusi ya jirani. Usiwaombe waimbe, watacheka. Mpe mmoja kasha tupu la bia alipige kwa kiganja, pigo moja lisilobadilika. Mwenye kasha mkononi haongei siasa, nimeshuhudia. Kuhusu mjomba na gitaa lake: tunampenda, lakini akianza vile vidole vya Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wetu maarufu, watoto wanafunga midomo na kumtazama mkono. Katanga yote inajivunia ufundi ule tangu Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Mwenda kule Likasi mwaka 1952, wakati mji ukiitwa bado Jadotville. Kwa kuimbisha, mwombe nyuzi nene tu, polepole.

Muimbe nini? Nyimbo za kuitikiana. Na ufundishe kiitikio kwanza, kabla hujafungua mdomo kwa ubeti. Kiitikio kiwe kifupi, neno moja linatosha. Huu hapa nimeutunga nikianua nguo, uchukue:

Nani anapiga bati? — Mvua!
Nani anajaza ndoo? — Mvua!
Nani amefukuza kuku? — Mvua!
Nani amelowesha nguo za mama? — Mvua!

Wa miaka miwili atasema “vua”, tena baada ya wote kumaliza. Ngoja hiyo “vua” yake ndipo uulize swali linalofuata. Mkizoea, wape watoto wenyewe zamu ya kuuliza, nao watauliza mambo ya ajabu: nani amekula bukari (ugali) ya baba, nani amejificha chini ya kitanda. Jibu litabaki mvua, na watacheka mpaka waanguke. Asiyetaka kuimba apige vidole mezani, awe matone.

Usimlazimishe mtu. Maneno hutangulia, sauti yenyewe hufuata baadaye, na watoto wengi huingia shule ya msingi bado inawapanda na kuwashuka. Yupo atakayekaa chini ya kiti alasiri nzima bila kutoa neno, kisha usiku mama yake akupigie simu kwamba anauimba wimbo wote akiogeshwa. Mji wetu umetoa waimbaji watoto hodari. Kwaya ya Croix de Cuivre iliimbisha wavulana hapa tangu miaka ya 1930. Lakini ile ni kwaya, ina mazoezi na makaripio yake. Lupangoni kwako hakuna mtihani wa sauti, na shangazi wa “hana sikio” mkalishe mbali.

Masomoni wanaimba Kifaransa, nao watavileta hivyo vyimbo vyao. Viimbwe kwa Kifaransa. Shida huanza pale mtu anapovigeuza Kiswahili papo hapo. Kifaransa huweka uzito mwishoni mwa kifungu, Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi utasikia watoto wanaimba “ndegeee” na “mamaaa” mpaka maneno yanakuwa mageni masikioni mwao. Ukitaka wimbo wa Kiswahili, sema mstari kwanza kama unavyousema sokoni, usikilize unapoegemea, halafu tafuta sauti.

Na mama apewe wimbo mmoja kila Jumapili, wa Kiluba. Tafadhali usimtafsirie kabla hajaanza, wala usiweke sauti ya pili juu yake. Katika Kiluba sauti ikipanda au ikishuka neno linaweza kuwa jingine kabisa, na nyimbo za wazee hufuata mpando huo wa maneno. Ukizipamba kwa sauti za kwaya unaziharibu. Watoto watamfuata bila kuelewa neno hata moja, kisha watamuuliza wenyewe.

Nusu saa inatosha. Anza na wa kuchezesha mwili, wakae, wasimame tena, umalize na wa kubembeleza, huo huo kila wiki, ili wajue ndio mwisho. Simamisha wakati bado wanadai mwingine. Watoto wa majirani wataingia tu, geti lenu halijawahi kuzuia mtu, kwa hiyo unga upimwe vizuri.

Kuanzia Novemba utapata Jumapili ambazo mvua inapiga bati na hakuna atakayesikika, hata wewe na koo lako lile. Siku hizo usishindane nayo. Wapange mistari miwili barazani wacheze nzango, ule mchezo wa wasichana wa makofi na miguu, wavulana pia. Mama atataka kuonyesha ilivyochezwa zamani. Mwekee kiti karibu, lakini usimkataze.

Yaya wako, yaani mkubwa wako