Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Gari Jipya, Mfano wa Plaiwudi na Ada Zenu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mashabiki wa mbio za magari za IndyCar,

Nawasalimu nyote mlioko hapa Indianapolis, pamoja na mliohamia Louisville na Columbus ambao bado mmo kwenye kundi letu la WhatsApp. Katiba inataka taarifa hii itoke kabla ya mwisho wa Januari. Imechelewa. Mweka hazina alinikabidhi hesabu wiki iliyopita, nami sikutaka kuandika taarifa isiyo na tarakimu halafu niambiwe nimeficha kitu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulitazama mbio za St. Petersburg na Long Beach kwenye ukumbi. Aprili tulitembelea makumbusho ya uwanjani yalipofunguliwa tena baada ya ukarabati. Mei tulikuwa na pilau yetu siku moja kabla ya Indy 500, mbio kubwa kuliko zote za hapa kwetu, na kesho yake dereva Álex Palou akashinda na kunywa maziwa kama ilivyo desturi ya mshindi. Tiketi za majukwaani ziliisha zote mwaka huu, na walionicheka niliponunua zetu mapema wanajijua. Misiba miwili ilitupata, Mungu awarehemu marehemu wetu. Hayo ndiyo ya kawaida.

Sasa nije kwenye suala la mfano wa gari tuliouunda kwa plaiwudi na kulaumiwa kwa ajili yake, maana najua wengi mmefungua taarifa hii kwa ajili hiyo tu.

Mnakumbuka tulikotoka. Magari ya IndyCar tunayoyashangilia yamejengwa juu ya chasisi moja, DW12 ya kampuni ya Dallara, ambayo imekuwa barabarani tangu 2012. Imepewa herufi hizo kwa heshima ya dereva Dan Wheldon, aliyeifanyia majaribio mwaka 2011 na kufariki Las Vegas Oktoba mwaka huohuo kabla hajashindana nayo hata mara moja. Mtoto aliyezaliwa gari hilo lilipoanza, leo anabishana na baba yake mezani. Limeongezwa bawa hapa, limepunguzwa pale, 2020 likawekewa kioo cha kinga mbele ya dereva, Julai 2024 kwenye uwanja wa Mid-Ohio likapachikwa mfumo wa haibridi, yaani injini ikisaidiwa na umeme. Ni kama ile nyumba ya urithi, kila mtoto kaongeza chumba chake na paa halifanani tena. Ndiyo maana habari za gari jipya zilipoanza kuvuma, wanachama wenyewe, narudia, wanachama wenyewe, mlitaka chama kiwe na msimamo: gari lijalo lifananeje? Hoja hiyo imo kwenye kumbukumbu za Januari.

Niliitisha mkutano mkuu Februari. Mlikuja 11. Machi mlikuja 9. Aprili mlikuja 14, na katika hao 14 sita walifika baada ya chakula kuiva. Akidi yetu ni 20. Nikabaki na hoja mezani, Mei inakaribia, na kundi la WhatsApp linawaka moto usiku kucha kutoka kwa watu ambao mchana hawaonekani. Ndipo mimi, katibu na mweka hazina tukakaa, tukaamua, na fundi wetu akaanza kazi. Tumeitwa madikteta. Naomba niwakumbushe kwamba gari hili mnalolipenda lenyewe lilichaguliwa hivyohivyo. Mwaka 2010 IndyCar waliunda kamati ndogo, mwenyekiti wake jenerali mstaafu wa jeshi la anga. Ikapokea michoro ya Dallara, Lola, Swift na wengine, ikachagua Dallara. Hakuna aliyewaita watazamaji laki tatu wa Indianapolis wanyooshe mikono.

Kilichonipa kazi ni kwamba mlikuwa kambi tatu, na kila kambi ilidhani ndiyo chama.

Kambi ya kwanza, ya kichwa wazi, ilitaka kioo kiondolewe. Hoja yao naielewa. Zamani ulikuwa unaiona kofia ya dereva ikitikisika kwenye kona, ukajua huyu kachoka, yule ana hasira. Leo unaona kioo kinang'aa tu. Mzee wetu mmoja wa Nairobi ambaye amefuata Safari Rally tangu utotoni alisema mbio ambazo humwoni mtu ni mbio za makopo. Nilimjibu siku ile na namjibu tena hapa kwa maandishi: Agosti 2015 kule Pocono, dereva Justin Wilson alipigwa kichwani na kipande cha pua ya gari la mwenzake, akafariki. Julai 2020 kule Iowa, gari la Colton Herta lilipanda juu ya gari la Rinus VeeKay, na wote wawili wakatoka wakitembea. Katikati ya siku hizo mbili kuna kioo. Kwenye hilo sikuwa tayari kupiga kura, na hata mngekuja wote 41 nisingelipigia kura.

Lakini pia sikusema kioo kibaki kilivyo, na hapa ndipo watu walinizulia maneno. Kioo cha sasa ni kilemba kilichovalishwa gari lililokwisha kushonwa. Fremu yake ni ya titani, na pamoja na vifaa vyake kimeongeza zaidi ya kilo 20 sehemu ya juu ya gari, mahali ambapo uzito ni adui. Madereva wamelalamika joto. Msimamo wangu, ambao sasa ni wa chama, ni kwamba gari jipya lichorwe pamoja na kioo tangu mstari wa kwanza wa penseli.

Kambi ya pili ilitaka Honda na Chevrolet, wanaotengeneza injini, waruhusiwe kila mmoja kuunda mwili wake, ili tuyatofautishe magari kwa macho. Vijana wetu ndio waliong'ang'ania hili, wengi wao hawakuwa wakifuatilia 2015. Sisi tulikuwepo. Kwa misimu mitatu, 2015 hadi 2017, kila kampuni ilikuwa na mabawa yake, vibawa juu ya mabawa, mapezi kama ya samaki. Wakigusana kidogo tu, barabara inajaa vipande na bendera ya njano ya kupunguza mwendo inapepea. Gharama zikapanda, na 2018 wakarudi kwenye mwili mmoja kwa wote. Ule wa 2018, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa mzuri kuliko yote: bega chini, mgongo mwembamba, bila yale mabampa ya nyuma yaliyofanya gari lionekane limevaa viatu vya baba yake.

Kambi ya tatu ni ya mtu mmoja na nusu, mhandisi wetu na binamu yake. Wao walitaka kitu kama DeltaWing, ile pua nyembamba kama mshale iliyoonyeshwa Chicago mwaka 2010 na kukataliwa na kamati niliyoitaja. Mhandisi anasema watu hukataa kila kipya halafu wanakiiga. Ana haki kidogo. Ray Harroun kwenye Indy 500 ya mwaka 1911 alikimbia peke yake bila fundi wa kumwangalizia nyuma, wapinzani wakalalamika, akafunga kioo cha kutazamia nyuma, akashinda. Jack Brabham mwaka 1961 alikuja na Cooper yenye injini nyuma ya kiti, watu wakaicheka kwa udogo, akamaliza wa tisa. Miaka minne baadaye Jim Clark akashinda na Lotus ya injini ya nyuma, na magari makubwa ya injini ya mbele yakaanza safari ya kwenda makumbusho. Ni mwaka uleule wa 1965 ambao Joginder Singh alishinda Safari na Volvo, ikiwa mnataka kujua kwa nini mzee wetu hutaja mwaka huo kila mkutano. Nakubali yote hayo. Lakini DeltaWing yenyewe ilipofika kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, 2012 iligongwa ikaishia ukutani, na mimi nikiitazama naona ndege iliyovunjika mabawa. Hapo nilitumia macho yangu, siwezi kudanganya.

Basi tukaandika msimamo: kioo ndani ya mchoro, uzito upungue, mwili mmoja kwa wote, mabawa machache na sakafu ya gari ndiyo ilivute chini lishike barabara, sauti ya injini ipande, na vifungo vya magurudumu viimarishwe. Hilo la mwisho lilikuwa langu. Tuliokuwa upande wa kona ya pili kwenye Indy 500 ya mwaka 2023 tuliona gurudumu la dereva Kyle Kirkwood likiruka juu ya uzio, juu ya vichwa vya watu, likaenda kutua kwenye gari lililoegeshwa nje. Wali wa mama mmoja ulibaki mkononi haujafika mdomoni. Mungu alitusitiri.

Kisha likaja la mfano. Fundi wetu alisema msimamo wa karatasi hausomwi, na kwa uzoefu wangu na karatasi zangu kwenu, alikuwa sahihi. Tukaunda nusu ya mbele ya gari kwa ukubwa wake halisi: pua, kiti cha dereva na kioo. Kwa nini nusu? Gereji yangu haikutosha, na ni gereji yangu, sijawahi kudai kodi. Plaiwudi, sponji, rangi ya buluu, na karatasi ngumu ya plastiki angavu tuliyoikunja kwa moto wa taratibu. Wiki tatu nyumba nzima ilinuka gundi.

Siku ya pilau, watoto walipanga foleni kuingia. Mimi pia niliingia, na picha ya goti langu lililonasa imeshasambazwa vya kutosha, asanteni. Lakini kuna jambo lililotokea ambalo wakosoaji hawalisemi. Mtoto wa tatu alipokaa ndani na kuhema kwa furaha, plastiki yote ikafanya ukungu, akaanza kulia haoni. Mzazi mmoja akauliza, sasa dereva anaonaje? Nikapata nafasi ya kueleza kwamba kioo cha kweli kina nyuzi za kupasha joto ndani yake na ngozi nyembamba za juu zinazobanduliwa gari linaposimama kujaza mafuta. Mama mmoja wa Bukavu akauliza, na mvua ikinyesha? Nikamweleza kwamba kwenye duara mbio husimama, kwenye barabara za kona wanaendelea na tairi za mvua. Watu ambao miaka minne walikuwa wanakula tu, siku ile waliuliza. Mwanachama mwingine aliyesema "mwenyekiti, ile kitu ni ya watoto" alikaa ndani dakika kumi.

Mwezi Juni wenye mashindano wakatangaza: gari jipya la Dallara, 2028, injini ya lita 2.4 badala ya 2.2, uzito upungue karibu kilo 40, kioo kiwe sehemu ya mwili. Sisemi walitusikiliza. Nasema someni msimamo wetu wa Aprili, halafu someni tangazo la Juni.

Kuhusu fedha. Mwaka tuliuanza na dola 1,905. Ada ni dola 60, tuko 41, waliolipa ni 19, yaani 1,140. Jumla 3,045. Ukumbi na pilau 1,040, rambirambi 700 kwa familia mbili, mfano wa gari 870. Jumla ya matumizi 2,610, salio 435. Risiti za plaiwudi ziko kwa mweka hazina, hata ya brashi ya dola nne.

Imesemwa kwamba mfano ulikula fedha za msiba. Hapana. Kila familia ilipata 350 yake kama katiba inavyosema. Familia moja ilisubiri siku tisa kwa sababu hundi inahitaji sahihi mbili na mmoja wa watia sahihi alikuwa safarini, hakupokea simu. Nilikwenda kuomba radhi mwenyewe nyumbani kwao, na nilikaa hadi usiku. Ninyi 22 mnaodaiwa dola 1,320 kwa pamoja, ambao miongoni mwenu wamo watatu walioandika maneno makali zaidi kuhusu 870, nawaomba tuzungumze msiba mkishalipa. Majina sitayataja, ingawa katibu alinishauri nitaje.

Mahudhurio nimeshayasema. Naongeza tu kwamba mtu anayesoma ujumbe saa nane usiku na kujibu kwa dole gumba hajahudhuria mkutano.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kutafuta ukumbi wa bei nafuu, kuwavuta vijana zaidi, na pengine kupanga safari ya Mid-Ohio kama magari yatapatikana. Nusu ya nyuma ya mfano haitajengwa bila mkutano mkuu, hilo nimeahidi. Uchaguzi uko palepale, na sitagombea tena isipokuwa nikiombwa.

Mwisho, mfano bado uko gereji kwangu na mke wangu ametoa muda hadi Pasaka. Mwenye nafasi na pikapu aje Jumamosi, aje na mtu wa kumsaidia kubeba upande wa pua.

Wenu,
Mwenyekiti