Vipimo vya kadogo vinatugharimu

Mhariri,

Wengi wetu wakazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hununua mafuta ya kupikia ya kadogo, yaani kwa vipimo vidogo vidogo, na sukari ya robo kilo kwa kuwa malipo ya kibarua hutolewa kidogo kidogo kila jioni, ilhali vipimo hivyo, ukivijumlisha hadi kilo nzima, mara nyingi huzidi bei ya pakiti kubwa. Mimi na majirani watatu tumeanza kuchanga pesa kila Jumamosi, na mmoja wetu huenda alfajiri katika soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, kununua viazi na kreti ya nyanya tunayogawana papo hapo, kwani nyanya za chini hupondeka upesi. Ninaiomba serikali ya kaunti ikague mizani ya wauzaji mara kwa mara, maana kilo ikipunjwa, akiba yetu yote hupotea.

Mama wa watoto watatu,
Kayole, Nairobi