Barua kwa Mama Baraka kuhusu kupumzika

Moshi,
9 Machi 2025.

Mpendwa Mama Baraka,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima pamoja na Baba Baraka na watoto, na kwamba presha uliyonieleza imeshuka tangu ulipoanza dawa. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa joto la Machi limetukaba na kila mtu anautazama mlima kuona kama utajifunika mawingu ya masika. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa kuwa swali lako haliwezi kujibiwa vizuri huku wewe umebanwa ndani ya basi la mwendokasi na mimi nina sufuria jikoni.

Uliuliza kama mwanamke aliyeokoka akijiuzulu ukatibu wa kwaya, akapunguza vikao vya harusi na kuanza kulala mapema, atahesabiwa kuwa amepoa kiroho. Ratiba uliyoniandikia nimeisoma na kuirudia: kuamka saa kumi alfajiri ili uwahi gari kabla ya foleni, kazini hadi jioni, mazoezi ya kwaya, Jumamosi jumuiya na marejesho ya kikoba, kisha kichen pati ya binti ambaye hata humfahamu vizuri, na Jumapili ibada inayofuatwa na kikao. Katika ratiba hiyo yote sikuona mahali ulipoandika kwamba ulikaa.

Jibu langu ni kwamba kupumzika ni amri. Imo katika orodha ileile inayokataza kuua, kuzini na kuiba; sisi Walutheri huihesabu kuwa ya tatu na wenzetu wa madhehebu mengine huiita ya nne, lakini hakuna dhehebu lililoiondoa. Ajabu ni kwamba amri nyingine tukizivunja tunatubu, na hii tukiivunja tunasifiwa. Mwanamke asiyelala huitwa nguzo ya kanisa, na siku anapoanguka, wenzake humchangia fedha za matibabu kwa moyo mmoja, kisha hutafuta nguzo nyingine.

Unasema unaogopa kuitwa mvivu. Hebu fungua Kutoka sura ya 5 uone ni nani anayelitumia neno hilo. Waisraeli waliomba ruhusa ya kwenda jangwani kumfanyia Mungu wao sikukuu, na Farao akawajibu kwa kuwaita wavivu, akalirudia neno hilo, akaamuru wajitafutie wenyewe majani ya kufyatulia matofali huku hesabu ya matofali ikibaki ileile. Kwa hiyo katika habari hiyo anayewaita wavivu watu wanaotaka kuacha kazi kwa ajili ya Mungu ni mfalme wa Misri, na sauti ya namna hiyo ninapoisikia, hata ikiwa imevaa joho, huwa najiuliza imetoka wapi. Sura chache mbele, katika ya 16, watu walewale wanafundishwa kupumzika kabla hata hawajafika Sinai: siku ya sita waliokota mana maradufu, siku ya saba haikunyesha, na waliotoka kwenda kuitafuta hawakuona kitu. Jambo linalonigusa hapo ni kwamba Mungu hakuwataka waamini kwanza ndipo awalishe. Aliweka chakula cha siku mbili mikononi mwao, kisha akawaambia wakae.

Najua watakunukulia Mithali 31, kwa maana hakuna sherehe ya kumuaga binti ambako haisomwi. Mke mwema huamka kabla haujaisha usiku na taa yake haizimiki. Ni kweli imeandikwa hivyo, lakini mstari wa 15 unasema pia kwamba alikuwa na wajakazi, na wasemaji wetu wa kwenye send-off huuruka upande huo kwa wepesi mkubwa. Tena lile ni shairi la mistari 22, kila mmoja ukianza kwa herufi yake katika alfabeti ya Kiebrania, tangu ya kwanza hadi ya mwisho; ni sifa za mwanamke zilizokusanywa kutoka maisha yake yote. Kulifanya kuwa ratiba ya Jumatatu ni kumwonea yule mama, na ni kumwonea binti anayefundwa. Mimi nikipewa nafasi ya kusema katika hafla hizo, ningesoma Zaburi ya 127, ambayo inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kwenda kulala kwamba kazi yao ni bure, kwa kuwa "yeye humpa mpenzi wake usingizi."

Juzi Ijumaa tulikuwa na Siku ya Maombi ya Dunia, ambayo mwaka huu imeandaliwa na wanawake wa Visiwa vya Cook, kule bahari ya Pasifiki, kutoka Zaburi ya 139: kwamba tumeumbwa kwa namna ya ajabu. Ibada ilikuwa nzuri, na neno hilo nililihitaji. Lakini nilikuwa nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango, nikawa naona yaliyokuwa yakiendelea. Mama mmoja wa kamati ya chakula, Biblia yake imetuna kwa karatasi za michango, alitoka wakati wa somo la kwanza kwenda kutazama pilau, akarudi, akatoka tena wakati wa mahubiri, na tulipofika kwenye maombi ya kuombea wanawake waliochoka duniani kote alikuwa nje akipepea moto wa jiko la pili. Alirudi kwenye baraka, jasho linamtiririka, kitenge kina majivu. Maombi yale yalikuwa yake, naye hakuyasikia.

Siyataji hayo ili nimlaumu, wala simlaumu Martha wa Luka 10, aliyehangaika na utumishi huku dada yake Mariamu ameketi miguuni pa Yesu. Nadhani tumemwonea Martha vya kutosha. Bwana hakumwambia kwamba kupika ni dhambi. Alimwambia kuwa anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, na kwamba Mariamu asiondolewe fungu alilolichagua. Ukiendelea kusoma Yohana 11, ni Martha huyohuyo anayetoka kumlaki Yesu njiani wakati wa msiba na kukiri kuwa yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Na katika sura ya 12 yuko tena kwenye chakula, anatumikia, wala hatusikii akilalamika juu ya dada yake. Mikono yake ilikuwa katika kazi ileile. Kilichokuwa kimetulia ni kifua. Kwa sababu hiyo siamini kwamba ukiacha ukatibu utakuwa umeacha utumishi. Utaimba sauti ya pili kama ulivyoimba siku zote, bila kuwa mtu wa kupokea simu za sare usiku wa manane. Na kuhusu pilau ya Maombi ya Dunia, nimependekeza kwamba mwakani wanaume wa kanisa waipike; pendekezo limepokelewa kwa kicheko, nami nitalirudia kwenye kikao kijacho bila kucheka.

Sasa naja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, ila nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Siku hizi tunatumiwa kwenye simu picha za akina mama waliovaa nguo nyeupe, kikombe mkononi, Biblia imefunguliwa karibu na dirisha, na maandishi yanayotuhimiza tutulie. Sina ugomvi nazo. Hata mafungo ya kule Lushoto nayapenda, na ukisimama pale Irente ukaitazama nyika ya Mazinde chini yako, moyo hushuka wenyewe. Lakini picha hizo hazituonyeshi ni nani aliyeosha kikombe. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inaonyesha. Inataja wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, hadi ng'ombe na punda, kisha inaeleza shabaha yake, kwamba mtumwa na mjakazi "wapumzike vile vile kama wewe," na sababu yake, kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Mama Baraka, pumziko langu likimfanya dada wa kazi afanye kazi mara mbili, mimi nimekuwa Farao mdogo mwenye Biblia dirishani.

Huyu dada ndiye anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, mara nyingi ni binti wa umri wa kuwa mwanao, na tunamwombea kwenye ibada ya nyumbani huku yeye akiwa jikoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 mfululizo kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini Torati ilitangulia kusema. Nyumbani kwetu, Jumamosi jioni makande huchemshwa ya kutosha na nguo za ibada hupigwa pasi. Jumapili dada huenda ibada ya kwanza, na baada ya hapo siku ni yake hadi giza liingie. Atakwenda kwa shangazi yake Pasua, atasuka nywele, atalala, hatumuulizi. Vyombo huoshwa na mume wangu, Baba Neema, pamoja na vijana. Mwanzoni alikuwa akisugua sufuria kwa stilwaya ndani ya jiko huku mlango umefungwa, jirani wasije wakaona. Siku hizi hutoka nazo hadi kwenye bomba la uani na hata huwafundisha vijana namna ya kutoa ukoko. Mgeni akifika Jumapili atakunywa chai kwa mkate na makande yatapashwa, na hadi leo hakuna aliyekasirika, au kama yupo hajaniambia.

Simu zetu siku hiyo huingia kwenye kabati la vyombo tukitoka kanisani. Hapo ndipo nimekuja kujua mambo ya nyumba yangu. Mtoto wetu mdogo hunieleza kwa kirefu ugomvi wao wa shuleni wa kugombea dawati la dirishani, nani alimsukuma nani na mwalimu alisema nini, na habari hiyo haina mwisho wala haihitaji ushauri wangu. Inahitaji tu nimtazame usoni. Mama mkwe naye, ambaye siku za kazi huniitikia kwa neno moja, Jumapili husimulia namna walivyokuwa wakishuka na ndizi sokoni kwa miguu. Hatufanyi kitu kingine cha pekee. Tunakaa.

Kuna wanawake ambao maneno haya yote yatawapita juu, nami siwezi kuandika juu ya pumziko nikawasahau. Mama anayeuza nyanya pale sokoni Memorial akiwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, hawezi kufunga meza yake Jumapili, kwa kuwa mkusanyaji wa marejesho anafika Jumatatu asubuhi. Kumwambia atulie miguuni pa Yesu bila kugusa deni lake ni kumwongezea mzigo mwingine, wa kujiona hana imani. Torati iliyoamuru Sabato ilikataza pia kumkopesha ndugu maskini kwa riba, na nadhani amri hizo mbili zilikuwa zinajuana. Umoja wetu wa wanawake una fedha benki ambazo hutoka zaidi kwa ajili ya sare na zawadi za wageni. Zikikopeshwa kwa akina mama watano wenye madeni ya namna hiyo, bila riba, tutakuwa tumehubiri juu ya Mathayo 11:28, pale Yesu anapowaita wenye kulemewa na mizigo, kwa namna itakayoeleweka sokoni.

Na upole, kwa kuwa uliutaja mwishoni. Mumeo alikuambia mwanamke wa Mungu awe na roho ya upole na utulivu kama alivyoandika Petro. Ni neno jema, lakini lisitumike kumnyamazisha mtu. Anayejiita mpole na mnyenyekevu wa moyo katika Injili ni Yesu mwenyewe, aliyezipindua meza hekaluni, aliyelala kichwa kikiwa juu ya mto ndani ya mashua wakati mawimbi yanaingia, na aliyewaambia wanafunzi wake waende kwa faragha wakapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Walipofika huko waliwakuta watu wamewatangulia, naye akawahurumia. Kwa hiyo usitegemee kwamba siku yako haitavunjwa. Msiba utatokea, mtoto atapata homa. Upole ni pamoja na kuipokea siku iliyovunjika bila kujichapa, kisha kuianza tena wiki inayofuata.

Kuhusu barua ya kujiuzulu, iandike fupi na umpelekee mwenyekiti wa kwaya mkononi, nakala kwa mchungaji. Taja tarehe utakayokabidhi daftari na fedha, pendekeza mtu wa kukaimu, na shukuru. Presha usiitaje, kama hutaki mjadala wa mlonge na kitunguu saumu kwenye grupu. Wakikuomba uendelee hadi Pasaka, kubali ukiweza, kwa kuwa ni Aprili 20 na si mbali. Wakikuomba hadi Krismasi, kataa.

Nisalimie Baba Baraka na bibi wa watoto, na umwambie dada wa kazi wenu kwamba nimemsalimu kwa jina lake, ambalo naomba uniandikie, kwa maana katika barua zako zote hujawahi kulitaja. Nijulishe pia walichokuambia kliniki kuhusu dozi.

Wako katika Kristo,
Mama Neema