Malalamiko: Nililipa Mapema, Leseni Ikaishia Mikononi Mwenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUCHELEWESHEWA LESENI YA UDEREVA, TOZO ISIYONIHUSU NA DARAJA LA LESENI LILILOPOTEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa lori, na kwa bahati mbaya ni mteja wenu. Nasema bahati mbaya kwa sababu ningeweza kwenda mwenyewe kupanga foleni, kama nilivyofanya miaka yote. Safari hii nilikuwa njiani karibu kila siku, nikaona tangazo lenu kwamba tuwaachie ninyi usumbufu wa kuhuisha leseni. Nikawaachia. Mmenirudishia usumbufu wangu, na riba juu.

Siku 41 kabla ya leseni kuisha nilijaza fomu kwenye tovuti yenu, nikapakia picha, cheti cha kupima macho na nakala ya leseni pande zote mbili, nikalipa. Risiti ilikuja dakika ileile. Hapo sina lawama. Kwenye kupokea pesa mko wepesi kweli.

Baada ya hapo, kimya. Kila nikifungua akaunti nakuta neno lilelile, "Linashughulikiwa". Siku ya 26 ndipo mkaniandikia kwamba picha imekataliwa kwa sababu ya kivuli. Nikaitazama upya: kweli, kuna kivuli chembamba nyuma ya sikio la kushoto. Sibishi, picha ya leseni ina masharti yake. Lakini kivuli kile kilihitaji siku 26 kuonekana? Nilipiga nyingine siku hiyohiyo, ukuta mweupe, bila miwani wala kofia, nikaituma kabla ya saa sita mchana. Nayo ikakaa. Leseni ikaisha muda wake Jumapili, ombi likiwa bado kwenu.

Jumatatu nikapiga simu. Aliyepokea ni kijana mwenye adabu, kila baada ya maneno matatu "mzee wangu", na simlaumu yeye. Nawalaumu mliomweka pale bila kumfundisha kazi. Aliniambia niendelee kuendesha tu, nikisimamishwa nionyeshe risiti. Risiti inathibitisha kwamba nimelipa. Haisemi kwamba naruhusiwa kushika usukani. Nikipata ajali leseni imekwisha, askari ana kesi yake, kampuni ya bima ina sababu yake ya kukataa kulipa, na ninyi mtakuwa bado "mnashughulikia".

Nilipomwambia hivyo, akaniuliza kama nina kile kibali cha kimataifa cha kuendesha gari. Ninacho. Basi, akasema, tumia hicho kwa muda. Jamani! Kibali kile ni tafsiri ya leseni, kinatembea pamoja nayo, tena ni cha kutumia nje ya nchi iliyokitoa. Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani unakipa mwaka mmoja. Ule wa Vienna wa 1968 unakipa miaka isiyozidi mitatu au mpaka leseni yenyewe itakapoisha, lolote litakalotangulia. Leseni ikifa, kibali kinakufa nayo. Haya anayajua dereva wa kawaida kama mimi. Kampuni inayoishi kwa kazi ya leseni haikuyajua.

Nimekaa nyumbani siku 19, lori likiendeshwa na mwenzangu. Kisha mkaniarifu kwamba kadi iko tayari, ila kwanza nilipe tozo ya kuchelewa kuhuisha. Aliyechelewa ni nani? Nililipa kwa kuwa nilitaka kurudi kazini, si kwa kuwa nilikubali kosa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii badala ya kumeza hasira. Nilifungua bahasha nikakagua picha, jina, tarehe. Sawa. Nikaigeuza kadi. Kwenye jedwali la madaraja, mstari wa B una tarehe zake. Mstari wa C una kistari. Hiyo C ndiyo mkate wangu, maana ndiyo inayoniruhusu kuendesha gari la mizigo la zaidi ya kilo 3,500. Kwenye kadi ya zamani ipo, na nakala yake mnayo tangu siku ya kwanza. Mtu wenu aliyejaza ombi rasmi kwa niaba yangu alinakili mstari mmoja akaruka wa pili, na mimi niliyeendesha malori miaka 17 leo naruhusiwa gari dogo tu, la kupeleka watoto wangu shule. Nilipouliza, nikajibiwa niombe upya, nilipie "mabadiliko ya taarifa". Taarifa zangu hazijabadilika. Zimepotezwa.

Nataka mrekebishe daraja la C kwa gharama zenu, na ombi hilo lianze kushughulikiwa leo, lisipangwe mwisho wa foleni. Nataka nirudishiwe tozo ya kuchelewa yote, kwa kuwa tarehe iliyo kwenye risiti yenu inatosha kuonyesha nani alichelewa. Na mnipe barua yenye muhuri wenu ya kumwonyesha mwajiri wangu, ikieleza kwamba kosa halikuwa langu. Yeye ameanza kuniangalia kama mtu aliyenyang'anywa daraja kwa makosa ya barabarani.

Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14. Simu msinipigie, nimeshauriwa vya kutosha kwa simu. Nimeambatanisha risiti zote mbili, ujumbe wa kukataliwa picha ukiwa na tarehe yake, na nakala za nyuma ya kadi ya zamani na mpya. Ziwekeni mezani kando kwa kando. Tofauti inaonekana hata bila miwani.

Wenu,
Mteja
(Jina, sahihi na namba ya ombi vimo kwenye viambatanisho)